Shuka la Tano kwa Sita

Niliondoka asubuhi moja bila mpango wowote, na hilo kwangu si jambo geni. Kilichokuwa kigeni ni mzigo. Kwa kawaida huwa natoka na mfuko mmoja: mswaki, suruali ya kubadilisha, redio ndogo ambayo nimeshaifungua na kuifunga mara nyingi kuliko nilivyoisikiliza. Jumatano hiyo nilikuwa na kifurushi cha ziada kwapani. Ilikuwa foronya nyeupe iliyoshonwa mdomo kwa uzi mweusi, na ndani yake shuka la futi tano kwa sita ambalo bibi yangu alilidarizi kwa miezi minane.

Kitanda cha futi tano kwa sita sikuwa nacho. Sikuwa na kitanda cha futi zozote. Na Jumapili bibi alikuwa anakuja kulitandika.

Bibi yangu, mama yake baba, anaishi milimani, Upare Kusini, kwenye nyumba ya matofali iliyozungukwa na migomba, mahali ambapo ukungu huingia sebuleni asubuhi bila kupiga hodi. Anapenda vitu viwili duniani, kushona na familia yake, na sidhani kama amewahi kuvitenganisha. Watu wa kwetu hawaulizwi kama wanataka kushonwa. Ukiacha shati kwenye kamba siku mbili, ukirudi utaikuta kamba peke yake.

Kitandani kwake kuna blanketi la viraka ambalo alianza kulishona kabla sijazaliwa, na hadi leo halijaisha kwa sababu familia nayo haijaisha. Kila kiraka ni mtu. Kuna kipande cha koti la babu, kizito kama babu mwenyewe alivyokuwa. Kuna gauni la harusi la shangazi yangu, harusi ambayo ilidumu muda mfupi kuliko kitambaa. Wakati wa baridi ya Julai, sisi wajukuu tulilala chini yake watano kwa mpigo, ukoo mzima ukiwa juu yetu, na asubuhi kila mmoja alidai kwamba ni fulani aliyekuwa anamkwaruza.

Mimi nimo. Niko upande wa miguuni, karibu na ukuta. Nilipoingia sekondari bibi alinishonea suruali ya kijivu kwa mkono wake, na kwa ndani akaacha pindo la inchi nne.

"La nini lote hili?" nilimuuliza.

"La kukulia. Ukirefuka tunafungua, hatununui nyingine."

Nilirefuka, ila shule haikunisubiri, au mimi sikuisubiri. Nilikuwa kidato cha pili niliposhuka Makanya kwa baba mdogo anayechimba jasi, nikaona treni ya mizigo imesimama pale kituoni, nikataka kujua ile mizigo inakwenda wapi. Swali dogo tu. Jibu lake lilinichukua miezi mitatu. Niliporudi, hakuna aliyenipiga wala kunihubiria. Bibi alinipa makande, akanionyesha blanketi. Suruali yangu ilikuwa imeshakatwa. Kiraka kile kina rangi mbili: juu kimepauka kwa jua na sabuni, chini ni kijivu kibichi kabisa, pale pindo lilipokuwa limejificha likisubiri nikue. Wenzangu vyeti vyao vimo kwenye mabahasha. Changu kiko kitandani kwa bibi, na kinawasha.

Tangu hapo sijakaa. Nimelima tangawizi za watu, nimepakia mkonge, nimelinda ghala la mahindi, nimekuwa fundi redio pasipo umeme. Sehemu nikishaijua huwa naanza kuiangalia barabara yake. Ila kila baada ya miezi miwili mitatu nilirudi kwa bibi kwa sababu ya sindano.

Macho ya bibi yalianza kukataa tundu la sindano zamani, kabla hayajakataa kitu kingine. Kwa hiyo kila nilipotaka kuondoka nilikaa mlangoni penye mwanga nikamtungia sindano nyingi kadiri alivyokuwa nazo, za uzi mwekundu, wa kijani, wa njano, nikazichomeka kwenye sponji la godoro la zamani. Yeye alizitumia moja moja. Sindano ya mwisho ilipoisha uzi, alinipigia simu. Sikuwa na kalenda nyingine. Nilijivunia sana kazi ile, nikiamini kwamba bila mimi kudarizi kungekoma kwenye milima ile, mpaka siku nilipomkuta binti wa jirani amekaa palepale, anatunga, haraka kuliko mimi. Bibi hakuona aibu. "Huyu ni wa dharura," aliniambia.

Sasa nieleze kuhusu mashuka, maana ndiyo yaliyonitoa nyumbani.

Bibi humdarizia shuka kila mjukuu, lakini halitoi mpaka mjukuu awe na kitanda chake. Si cha kupanga, si cha rafiki. Chake. Kwanza anauliza futi. Kwetu ukubwa wa kitanda ni habari kamili, haihitaji maelezo. Tatu na nusu kwa sita ni mwanafunzi, au mtu aliyefikia mahali kwa muda. Nne kwa sita ameanza maisha. Tano kwa sita ana mke. Sita kwa sita ana mke na anataka watu wajue. Akishaambiwa futi, bibi anachora picha kwa kaboni katikati ya kitambaa cheupe, anakibana kwenye fremu ya mviringo, anaanza. Mjukuu wake dereva alipata gari lenye sura ya mbuzi. Mjukuu wake mwalimu alipata tausi wawili wanaotazamana kama watu waliokosana.

Shuka likiisha, analipeleka mwenyewe na kulitandika mwenyewe. Hiyo ndiyo sheria yake. Amefika mpaka Kighare, Ugweno, alikoolewa binamu yangu, akakaa katikati ya wakwe wanaoongea Kigweno asichokielewa hata nusu, akaingia chumbani, akakunja pembe zote nne za shuka chini ya godoro, akatoka, akaomba chai. Wajukuu kumi wametandikiwa hivyo. Mimi ni wa kumi na moja, na si kwa umri.

Mwaka jana wakati wa mvua za vuli nilimkuta ametoka hospitali kupimwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, la kulia nalo lilikuwa njiani. Walimwambia aache kazi za karibu hadi atakapofanyiwa upasuaji. Yeye kwenye sentensi hiyo alichukua neno "hadi" peke yake.

"Limebaki shuka moja," alisema. Tulikuwa tunakula, yeye, mimi, na shangazi, ambaye tangu ile harusi yake iishe anakaa nyumba ya pili na hula kwa bibi ili asikose habari. "Mjukuu wangu, kitanda chako ni futi ngapi?"

Ningesema ukweli. Ukweli ulikuwa mfupi na ulikuwa karibu. Lakini shangazi aliwahi.

"Mama, huyu analala kwenye vitanda vya watu. Mpimie gunia."

"Tano kwa sita," nikasema.

Shangazi akaacha kutafuna.

"Tano," bibi alirudia polepole. "Peke yako?"

"Bibi, mtu si anajigeuza."

"Unajigeuza futi tano?"

"Mwache mama, labda anajigeuza na mwenzake," shangazi alidakia, macho yamemtoka kwa furaha. "Kiko wapi hicho kitanda?"

"Huko chini. Tambarare."

"Tambarare ipi? Ya reli au ya mpunga?"

Hapo nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri darasani. Upande wa reli kuna baba mdogo pale Makanya. Same mjini nusu ya ukoo wetu wamejenga. Upande wa pili, kule mashariki kwenye mpunga, hatukuwa na mtu.

"Ya mpunga," nikasema.

Bibi aliendelea kula. Akamaliza sahani yake, akanawa, akaenda chumbani kutafuta kitambaa.

Uongo ule ulikua vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda. Ndani ya wiki mbili ukoo wote ulijua nina mke tambarare. Ndani ya mwezi walishajua ni mnene. Shangazi alinipigia simu kuuliza kama anajua kupika, na niliposema anajua, akauliza anapika nini, mchele au maneno. Bibi hakuuliza chochote isipokuwa mara moja. Shuka la tano kwa sita huenda na foronya mbili, moja huandikwa "Baba", ya pili "Mama".

"Ya pili niandike nini?" aliniuliza kwenye simu.

"Iache kwanza, bibi."

"Nimeiacha."

Kila niliporudi kumtungia sindano nilikuja na nia ya kukiri. Nia hiyo nilifika nayo mpaka mlangoni. Lakini nilimkuta amekaa pale kizingitini, kitambaa amekisogeza karibu na pua kama mtu anayekinusa. Hakuweza kuona mpaka ukungu upande, saa tatu hivi, na baada ya saa sita jua lilihama akawa haoni tena. Ni saa tatu tu za kuona kwa siku. Siku ya Ijumaa jua likizama alifunga sindano, maana ni Msabato, na hakuigusa mpaka Jumamosi jua lizame tena. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba kati ya kitanda cha kupanga na kitanda ulichomtajia kuna futi moja na nusu, na kwamba ni kwenye hiyo futi moja na nusu alikuwa anamalizia macho yake? Nilitunga sindano, nikasifia rangi, nikaondoka. Ilikuwa njia ya heshima sana ya kuwa mwoga.

Picha hakutaka niione. Alifunika fremu kwa upande wa khanga kila nilipoingia.

Jumatano hiyo niliamka mapema, nikachukua sponji na boksi la nyuzi, nikakaa mahali pangu mlangoni.

"Safari hii acha," bibi alisema.

"Niache nini?"

"Kutunga. Sina cha kushona tena. Limeisha."

Sponji lilikuwa tupu, limejaa matundu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Bibi akaniwekea kifurushi magotini.

"Tangulia nalo. Mimi mikono nitaihitaji kushikilia gari. Na usilifungue njiani. Jumapili tunakuja, mimi na shangazi yako, nitakupigia unielekeze."

"Shangazi wa nini?"

"Wa kushika ncha ya pili," akasema. Akanitazama, au aliutazama ule mwanga uliokuwa nyuma yangu, siku hizi ni vigumu kujua. "Au mkeo atashika?"

Nikasema shangazi aje tu.

Nikateremka na gari la asubuhi hadi Same. Same kuna upepo ambao hauna kazi nyingine isipokuwa kuhamisha vumbi kutoka upande mmoja wa barabara kwenda wa pili, na siku hiyo ulikuwa kazini. Nilisimama pale stendi na kifurushi changu, nikizisoma gari zinakokwenda kama mtu anayechagua chakula. Siku nne. Mwenye akili angeenda kwa fundi seremala, au angepanda gari arudi juu akatubu. Mimi niliona kitanda.

Kilikuwa cha mninga, kipya, kinang'aa, na mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa anajaribu kukipandisha kwenye lori la mbolea huku akiwafokea wapakiaji wasikichubue. Kwenye ubao wa kichwani wa kitanda, pale juu kabisa, palichongwa moyo.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Samahani, ni futi ngapi?"

"Marahaba. Tano kwa sita. Kwa nini, unanunua?"

"Kinakwenda wapi?"

"Ndungu. Sasa wewe ni wa kuuliza au wa kunyanyua?"

Nikanyanyua. Ndungu sikuwahi kufika, na ilikuwa kwenye mpunga. Nimewahi kufuata treni, ng'ombe, na mganga mmoja aliyekuwa na redio nzuri. Kufuata kitanda hakukunishangaza. Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma, juu ya kitanda chenyewe, nikapita Kisiwani nimekunja miguu, milima yetu ikiwa kulia na mbuga kushoto, na watu wa barabarani wakinipungia mkono kama bwana harusi aliyekosewa gari. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kwenye tano kwa sita. Kuna nafasi. Sikatai.

Ndungu ni maji. Baada ya vumbi la Same, macho hayaamini ule ukijani, mifereji inayokatiza kila mahali, watu na baiskeli juu ya matuta, bodaboda zenye magunia mawili mawili. Ningependa kuuliza maji yale yanagawanywaje, ni nani anayefungua na nani anafunga, lakini mkono wangu mmoja ulikuwa umeshika kitanda na wa pili kifurushi.

Mke wa mzee alitusubiri uani, mikono kiunoni. Alikiangalia kitanda, akaniangalia mimi.

"Na huyu? Kitanda wamekuuzia na mtu wake?"

"Kanisaidia kubeba," mzee alijibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Mwambie huyu mzee wako kitanda hicho hakipiti."

Hakikupita. Tulikijaribu kwa urefu, kwa ubavu, tukakifungua miguu, tukakifunga. Tatizo halikuwa mlango. Ndani mle kulikuwa na kitanda cha zamani, chembamba, cheusi kwa umri, na vyote viwili havikuweza kuwa chumba kimoja hata kwa dakika. Ikabidi cha zamani kitoke kwanza. Tulipokiinua, kwa mazoea tu, nilikipima kwa shibiri.

"Tatu na nusu," nikasema. "Hiki kilikuwa cha mtoto?"

Mama akacheka hadi akashika ukuta.

"Cha mtoto! Hicho ndicho tulichooana nacho. Watoto sita tumewapatia humo, na wote ni wazima."

"Mlitoshaje?"

"Tulikuwa tunapendana. Sasa tumezeeka tunataka nafasi ya kununiana."

Mzee alijifanya anakagua bawaba za mlango.

Kwa hiyo hesabu yote ya vitanda niliyokua nayo ilikuwa imeanguka pale uani, mbele ya mbuzi na kuku, na hakuna aliyeiokota isipokuwa mimi. Lakini sikuwa na muda wa falsafa. Kitanda kipya kilishaingia, kimekaa katikati ya chumba kama mgeni wa heshima, tano kwa sita kamili, na mimi nilikuwa na shuka la tano kwa sita kwapani. Mtu akishaongopa mara moja huona njia mahali ambapo wengine wanaona ukuta.

"Mama," nikasema, "Jumapili mtakuwepo?"

"Tutakuwepo. Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilianza kwa kuzunguka, lakini alikuwa na maswali mazuri, na nilipomaliza alikuwa amekaa kwenye kinu, amejishika shavu.

"Ngoja nielewe," akasema. "Bibi yako aje toka milimani, haoni vizuri, atandike kitanda changu ambacho hata mimi sijakilalia. Na mimi siku hiyo nitakuwa nani? Mkeo?"

"Ungekuwa tu umetoka, mama."

"Na mzee huyu?"

"Naye angekuwa ametoka."

"Nimekinunua leo," mzee alisema kutoka ndani, "na tayari nimefukuzwa."

Mama hakucheka safari hii. Akanitazama kifurushi, siyo uso.

"Mwanangu, bibi yako haoni, lakini vidole anavyo. Akishika mto wangu atajua ni wa nani? Atajua ni wa watu wengine. Hatasema, atakwenda nalo moyoni mpaka juu kule. Hilo ndilo unalotaka?"

Sikulitaka. Nilikuwa nimekimbia jambo hilo hilo kwa miezi minane, na mwanamke niliyemjua kwa saa moja alilisema akiwa amekalia kinu.

"Pale nyuma kuna chumba cha mpangaji," akaendelea. "Kiko tupu tangu mavuno. Hiki cha zamani kinakwenda humo. Kama unataka kulala, lala. Kama unataka kutandika, tandika hicho."

Tukakibeba hadi chumba cha nyuma. Kilikuwa chumba cha kawaida, dirisha moja linaloangalia mfereji, msumari mmoja ukutani wa kutundikia shati. Nimelala kwenye vyumba kama hivyo maisha yangu yote na sijawahi kukumbuka hata kimoja. Mama akaleta godoro, akaleta na wembe nikatie uzi wa foronya. Nilikaa chini, nikakata uzi mweusi, mshono mmoja mmoja, nikijiandaa kuona tausi wawili na futi moja na nusu za aibu zikining'inia sakafuni.

Nililitoa shuka, mama akashika ncha ya pili, tukalirusha juu ya godoro.

Likatosha.

Halikuning'inia, halikupungua. Nilikizunguka kitanda upande huu na upande ule nikitafuta kosa. Ilinibidi nipige magoti ndipo nilipoona. Pande zote mbili, kushoto na kulia, kitambaa kilikuwa kimekunjwa kwa ndani, pindo pana kupita kiasi, na limeshikiliwa kwa mishono mirefu iliyolegea, ile inayoshonwa kwa kujua kwamba itafumuliwa.

"Hii ni bandi," mama alisema akipitisha kidole. "Kaacha pindo. Ukivuta uzi huu linafunguka lote, linakuwa la tano. Shuka gani hili lina pindo la kukulia?"

Mimi nilikuwa namwangalia mbuzi. Katikati ya shuka hapakuwa na tausi. Palikuwa na mbuzi mmoja, wa kahawia, ametanua miguu anakimbia, na safari hii alikuwa mbuzi kweli, si gari. Shingoni alikuwa na kamba. Kamba ilidariziwa mnyororo mnyororo, mshono mdogo sana, mshono wa mtu ambaye macho yake yalikuwa bado yanamtii, na jinsi ilivyokwenda mishono ilizidi kuwa mikubwa na kupinda. Ilipita mgongoni kwa mbuzi, ikazunguka ua, ikaelekea ukingoni kulia, ikaingia ndani ya pindo. Huko ndani iliendelea. Nilipapasa kwa nje nikauhisi uzi, kisha nikahisi kitu kinene, kilichojaa, kikubwa kama kiganja. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye kitu. Nyumba? Mti? Mbuzi wa pili? Kidole hakikuweza kusoma.

Simu yangu ikaita. Bibi ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, na hubonyeza namba ya kwanza tu, na namba ya kwanza ni yangu.

"Umefika?"

"Nimefika, bibi."

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Linatosha?"

"Linatosha."

Nilisikia kuku wa kwake, nikasikia na shangazi anaburuta kiti asogee.

"Limetosha kitanda cha futi ngapi?" bibi akauliza.

Mama wa Ndungu alikuwa ananitazama. Mfereji ulikuwa unapita pale dirishani.

"Tatu na nusu, bibi. Na ni cha kupanga. Na niko peke yangu. Hata jana nilikuwa peke yangu."

Kwa mbali nikamsikia shangazi: "Anasemaje? Mama, anasemaje?"

"Anasema huko hakujanyesha," bibi alimjibu. Kisha akarudi kwangu, sauti yake ileile ya kuuliza kama nimekula. "Basi bandi usiifungue."

"Bibi, ndani kuna nini? Kamba imefungwa wapi?"

"Usiifungue. Jumapili nakuja kutandika, wewe umerusha tu, najua. Pembe hujawahi kujua kukunja."

"Si ulisema lazima kiwe kitanda changu?"

"Kwani nilisema nakuja kuangalia kitanda?" Akakohoa. "Nakuja na zile sindano. Ile foronya ya pili bado haina maandishi, nitaandika jina lako tu, herufi kubwa, hata kipofu anaweza. Utatunga uzi. Yule wa dharura ameolewa."

Akakata, au kiswaswadu kilikata.

Nikabaki nimepiga magoti, simu mkono mmoja, wembe mkono wa pili, uso wangu ukiwa inchi chache kutoka kwenye uzi wa bandi. Ni uzi mwembamba. Ungekatwa mahali pamoja, mtu angechungulia, angeurudishia. Nimefungua redio, saa, kufuli za watu, na hata pampu ya kisima cha kanisa, kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Haya mgeni," mama alisema, mkono kwenye kitasa. "Mzee anataka kujua. Unakaa siku ngapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mpaka Jumapili.

"Mwezi," nikasema. "Tuanze na mwezi."

Kisha nikamwomba aondoke na wembe wake, maana najijua.